Prado 120, Hilux Vigo au Land Cruiser 79 kwa kuvuta karavani ya kilo 1,600?

Nyanda_Juu:
Habari wakuu. Natafuta gari la kukokota karavani ya ekseli moja. Kibao chake kinasema uzito wa juu kilo 1,600, na breki zake hukamata pale trela linapolisukuma gari. Njia yangu ni Dar–Iringa–Mbeya pamoja na vipande vya vumbi, watu watano. Nimebaki na Prado 120 dizeli (injini ya 1KD) oto, Hilux Vigo 3.0 dabo kebini gia za mkono, na Land Cruiser 79 yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Kuna jamaa anasisitiza Vanguard ya 4WD kwa sababu ya mafuta. Mnasemaje?

FundiDifu:
Mkuu, Vanguard iondoe leo. Haina 4L (gia nzito ya mwendo wa polepole, magurudumu yote yakivuta), haina chesisi ya kufungia chuma cha kuvutia, na ikiwa tupu uzito wake unakaribiana na wa hiyo karavani. Trela likiyumba, litaondoka na gari.

Hizo tatu zote zitavuta kilo 1,600. Australia, Prado 120 iliruhusiwa kilo 2,500 kwa trela lenye breki, na 79 kilo 3,500. Kwa hiyo usihangaike na "itavuta au haitavuta". Hangaika na uzito unaobaki ndani ya gari, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Piga hesabu hivi. Tuseme kibao cha gari kinaruhusu jumla ya kilo 2,850 na gari tupu lina 2,150. Una kilo 700. Watu watano kwa wastani wa kilo 75 ni 375. Karavani inatakiwa ikandamize ndoana ya gari (pale inapofungwa) kwa takriban asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo 160, na hizo zinahesabiwa kama mzigo wa gari. Zimebaki 165. Bampa la chuma 50, hema la juu ya paa 60, friji na vilivyomo 45. Umebakiwa na kilo 10, na hujaweka jeki wala begi hata moja. Ndiyo maana unaona gari limekaa matako chini na taa zinamulika miti.

Kwa watu watano ningechukua Prado, kwa sharti kwamba lile hema la paa liachwe (mna karavani, la nini?). Prado 120 huvuta kwa magurudumu yote muda wote, na kwenye mvua hilo ni faida kubwa kwa sababu karavani hupunguza uzito wa ekseli ya mbele. Hilux ukiiweka 4H (magurudumu manne, mwendo wa kawaida) kwenye lami kavu unaua difu na kesi ya kugawia nguvu. Angalia tu Prado yenye mifuko ya hewa nyuma: ikivuja, gari linalala palepale ndoana ilipo. Wengi huzibadilisha kwa springi za koili ngumu.

Mteremko_Taratibu:
Naongezea upande wa injini. 1KD ina nguvu ya kuzungusha (hupimwa kwa Nm) ya Nm 343 hadi 410 kutegemea toleo. 1HZ ni Nm 285 na haina turbo. Kupanda mlima Kitonga kabla ya Iringa na 1HZ utapanda, ila kwa gia ya pili nyuma ya malori. Na 79 ya watu watano ni dabo kebini tu, ambazo ni chache na bei yake inauma.

Kabla ya kununua 1KD yoyote, kagua washa za shaba chini ya nozeli (zinazopuliza dizeli). Zikivuja, moshi wa mwako unaingia kwenye oili, masizi yanaziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), na injini inajiua bila kelele nyingi. Fungua sampo ulione chujio lenyewe kwa macho.

Kwa gia oto, tatizo ni joto. Usivute ukiwa gia ya tano. Funga kwenye ya nne ili gia boksi isipandishe na kushusha kila dakika. Ongeza kipoozeo cha oili ya gia mbele ya rejeta. Rejeta ya zamani yenye kipoozeo ndani ikipasuka, maji yanachanganyika na oili na gia boksi inakwisha.

Kamba_na_Pini:
Hapo kwenye oto sikubaliani sana. Kupanda ni nusu ya habari. Ukirudi kutoka Iringa unaishuka Kitonga, na breki za karavani yako hazina akili: kadiri gari linavyoshikilia, ndivyo trela linavyosukuma na breki zake zinavyokamata mfululizo hadi ngoma zinaungua. Gia za mkono zinakupa breki ya injini unayoiamini. Kwa oto, teremsha gia KABLA ya kuanza kushuka, kanyaga breki kwa nguvu mara moja, kisha achia ipoe. Usiweke mguu juu ya pedeli mlima mzima. Maji ya breki yawe mapya.

Chuma cha kuvutia kifungwe kwa bolti kwenye chesisi pande zote mbili. Kikichomelewa kwenye bampa, kikatae.

Nyanda_Juu:
Shukrani wakuu. Hizo kilo 160 za kwenye ndoana nazipimaje bila mzani wa maana?

FundiDifu:
Mzani wa bafuni wa kilo 150 unatosha. Karavani iwe imepakiwa kama ya safari na imekaa usawa. Chukua ubao mgumu, upande mmoja uweke juu ya tofali, mwingine juu ya mzani, kisha rudisha mzani kwenye sifuri. Shusha pua ya karavani juu ya kipande cha mti kilichosimama kwenye theluthi ya ubao kutoka kwenye tofali. Soma namba, zidisha kwa tatu. Ikisoma 53 uko sawa. Ikisoma 30, pua ni nyepesi mno na karavani itayumba ukifika kilomita 80 kwa saa; sogeza vitu vizito mbele ya ekseli.

Kamba_na_Pini:
Na ikianza kuyumba, achia mafuta, shika usukani ulionyooka, usikanyage breki. Matairi yake pia: ukitoa zile 160 za ndoana, kila moja linabeba kilo 720. Tairi lenye namba ya uzito 99 (imeandikwa ubavuni) mwisho wake ni kilo 775, limebana mno. Weka 104 kwenda juu, aina ya C (ya magari ya mizigo).