Sony ilituuzia PlayStation Vita, ufunguo ikabaki nao

Ndugu zangu, na hasa ninyi wa Mombasa na mwambao wote ambao bado mna PlayStation Vita majumbani, ile mashine ya mkononi ya kuchezea gemu, ninaufungua uzi huu kwa hasira, na sitaki hasira hiyo ipozwe kwa maneno ya kwamba kila chombo hupitwa na wakati. Kupitwa na wakati ni jambo ambalo kila mnunuzi hulitarajia. Lakini kifaa ambacho kioo chake bado kinang'aa na vitufe vyake vyote bado vinaitika, kisha kikashindwa kufanya kazi kwa sababu aliyekiunda aliweka ruhusa yake katikati ya kila jambo na baadaye akawa anaiondoa ruhusa hiyo kidogo kidogo, hicho hakikupitwa na wakati. Kimetelekezwa, na aliyekitelekeza ana jina.

Tukumbushane kwanza kilikuwa kifaa cha namna gani, maana wapo vijana humu wasiokiona kikiwa kipya. Vita ilitoka Japani tarehe 17 Desemba 2011, ikafika Ulaya na Marekani Februari 2012 kwa bei ya dola 249, au dola 299 kwa ile yenye laini ya 3G. Ilikuwa na kioo cha OLED cha inchi 5, prosesa ya viini vinne, vijiti viwili vya kuchezea na sehemu ya kugusa hata mgongoni. Wakati ule hapakuwa na mashine ya mkononi ya gemu iliyoikaribia kwa nguvu. Huku kwetu zilifika katika mizigo ya wafanyabiashara waendao Dubai na katika mabegi ya jamaa waliorudi likizo kutoka Ulaya na Ghuba, na aliyekuwa nayo katika foleni ya kivuko cha Likoni hakukosa watu wa kumchungulia begani. Nasema haya kwa sababu wahandisi walioiunda walifanya kazi ya kusifiwa, na malalamiko yangu hayawahusu wao.

Yanawahusu walioamua habari ya memori, yaani kadi ya kuhifadhia gemu. PSP, mashine ya mkononi ya Sony iliyoitangulia Vita, iliuzwa zaidi ya milioni 70 duniani, na japo nayo ilitumia memori za Sony, ilikuwa rahisi kupata kiunganishi cha kutia kadi ndogo ya simu na mambo yakaenda. Kwa Vita, Sony ilitengeneza kadi ya aina yake pekee, isiyoingia katika kamera, simu wala kompyuta yoyote, kwa hoja ya usalama. Ilipoanza kuuzwa Marekani, kadi ya GB 4 ilikuwa dola 20 na ile ya GB 32 dola 100, yaani kadi moja ilikaribia nusu ya bei ya mashine nzima. Tena Vita ya kwanza, ile ya PCH-1000, haikuwa na nafasi yoyote ya ndani kwa mtumiaji, na kuna gemu ambazo hata ukiwa umezinunua katika kadi yake dukani hazichezeki mpaka memori hiyo iwemo. Ile nyembamba ya mwaka 2013 iliwekewa GB 1 tu ndani, ikanyang'anywa kioo cha OLED na kupewa cha LCD. Sasa kadi hizo hazitengenezwi tena, na zilizobaki zinazeeka mikononi mwa watu. Tulichouziwa ni mlango ambao ufunguo wake unachongwa na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo amefunga karakana.

Wapo watakaosema kwamba simu ndizo zilizoiua Vita. Hata Shuhei Yoshida, aliyekuwa akiziongoza studio za Sony za kuunda gemu, mwaka 2015 alieleza kwamba mazingira hayakuwa mazuri kwa vifaa vya mkononi kwa sababu ya kutawala kwa gemu za simu. Hoja hiyo siikubali. Katika miaka hiyo hiyo, Nintendo 3DS, mashine ya mkononi ya mshindani, iliuzwa zaidi ya milioni 75. Nayo pia ilianza vibaya: ilitoka mapema mwaka 2011 kwa dola 249.99 na watu hawakuichangamkia, lakini kufikia Agosti mwaka huo huo Nintendo ilikuwa imeishusha bei hadi dola 169.99 na ikaendelea kuiletea gemu kubwa. Sony ilingoja hadi Agosti 2013 ndipo ikaishusha Vita hadi dola 199. Aidha, Monster Hunter, mfululizo wa Capcom ulioibeba PSP kule Japani, ulikuwa umekwisha kutangazwa kwa ajili ya 3DS mnamo Septemba 2011, miezi mitatu kabla ya Vita kuingia dukani. Kampuni iliyoona mhimili wake mkuu ukihamia kwa mshindani ilipaswa kuongeza bidii maradufu. Badala yake, Agosti 2012, miezi michache tu baada ya Vita kutoka, Sony iliifunga Studio Liverpool, wale wale walioitengenezea gemu ya WipEout 2048. Mwaka 2013 tulipata Killzone: Mercenary na Tearaway, gemu mbili zilizoonyesha wazi kifaa hiki kingeweza nini, na baada ya hapo mkondo ukakauka. Kufikia Oktoba 2015 Sony ilikuwa imekiri kwamba hakuna studio yake iliyokuwa ikiitengenezea Vita gemu. Hata hesabu za mauzo zilichanganywa na za PSP ili mtu asijue hali halisi.

Niruhusuni niseme jambo la kandanda, maana Mombasa ukizungumzia gemu bila kandanda hujazungumza. Nendeni katika vibanda vya gemu vya Majengo, Kongowea au Mji wa Kale mtazame vijana wanacheza nini. Vita haikupata hata moja ya PES, gemu ya kandanda ya Konami, ilhali PES 2014 ilitolewa kwa PSP, kifaa kikuukuu kilichokuwa kikielekea kustaafu. FIFA ilikuja, lakini FIFA 14 na FIFA 15 zilikuwa karibu ni gemu ile ile ya nyuma iliyobadilishwa jezi na vikosi na kuuzwa upya, na baada ya ile ya 15 haikuja nyingine. Kosa hilo ni la kampuni za gemu, ndiyo, lakini kampuni za gemu hufuata dalili za mwenye mashine, na dalili zilikuwa wazi kwamba mwenye mashine mwenyewe hakuwa na imani nayo.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuuma sisi kuliko wenzetu wa Ulaya. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kuzichagua anapofungua akaunti ya PlayStation. Kijana wa Mombasa hulazimika kujiandikisha kana kwamba anaishi Uingereza, Marekani, Afrika Kusini au Falme za Kiarabu, na tangu siku hiyo amefungwa na duka la nchi hiyo. Kadi ya benki ya Kenya mara nyingi hukataliwa kwa kuwa hailingani na nchi ya akaunti, na M-Pesa haimo kabisa katika njia za kulipia. Kwa hiyo hununua vocha za nchi ile aliyoiandika, kwa bei apendayo muuzaji. Kwa Vita, adha hii ni kubwa zaidi kuliko kwa mashine nyingine za Sony, kwa sababu Vita hubeba akaunti moja tu. Ukitaka kubadili akaunti ni lazima uirudishe mashine katika hali ya kiwandani, na memori nayo imefungamana na akaunti, kwa hiyo ukitaka kuitumia na akaunti nyingine ni lazima uifute. Mtu anayeinunua Vita ya mtumba Mwembe Tayari, ikiwa na akaunti ya mtu asiyemjua wa nchi asiyoijua, huanza maisha yake na kifaa hicho kwa kufuta kila kilichomo.

Na asije mtu akadai kwamba Sony haikujua. Mwezi Mei 2024 ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation, dunia nzima ilipiga kelele kwamba gemu hiyo ilikuwa imeuzwa katika nchi nyingi zisizoruhusiwa kufungua akaunti hizo, na kwa siku chache tu Sony ikaliondoa sharti lile. Iliweza kusikia, basi. Ilichokosa kwa miaka yote iliyotangulia ni nia.

Kufungwa kwa huduma kulikuja kwa awamu. Mwaka 2015 ziliondoka programu za YouTube na ramani, na PlayStation Mobile, huduma ya gemu ndogo, ikafungwa Septemba mwaka huo. Machi 2019 uundaji wa mashine ukakoma Japani, PlayStation Plus, huduma ya uanachama wa kulipia, ikaacha kutoa gemu za Vita, na mwisho wa mwezi huo huo utengenezaji wa kadi za gemu kwa Marekani na Ulaya ukafikia kikomo. Kisha Machi 2021 likaja tangazo kwamba duka la Vita lingefungwa tarehe 27 Agosti. Wenye vifaa walipiga kelele, na mnamo Aprili Jim Ryan, aliyekuwa mkuu wa Sony Interactive Entertainment, akatamka hadharani kwamba uamuzi ule ulikuwa wa makosa, na kwamba maduka ya PS3 na Vita yangebaki. Tulifurahi. Furaha yenyewe haikufika mwisho wa mwaka, kwani Oktoba 2021 duka hilo hilo liliacha kupokea kadi za benki na PayPal, na tangu hapo ni lazima mtu atie pesa kwanza kupitia tovuti, simu au PlayStation nyingine, au atumie vocha. Nawauliza: kwa mtu wa Changamwe ambaye kadi yake ilikuwa ikikataliwa tangu mwanzo, duka la namna hiyo limebaki wazi kwa maana gani?

Seva nazo zilifuata. Za LittleBigPlanet ya Vita zilizimwa mwaka 2021, na za Killzone: Mercenary Agosti 2022. Ramani na viwanja ambavyo watoto walivijenga kwa mikono yao katika LittleBigPlanet na kuvishiriki na wenzao wa mbali havipatikani tena ndani ya kifaa kile.

Upande wa matengenezo nitasema kwa ufupi. Hewa yetu ya chumvi haivionei huruma vitundu vya chaji, na PCH-1000 ina kitundu chake cha pekee ambacho waya wake si wa simu yoyote. Nilimuuliza fundi mmoja wa mjini, "Mzee, betri za hizi zapatikana?" Akanijibu, "Zapatikana, mwanangu, lakini si za kampuni, na memori zake sizioni tena." Fundi huyo hana kosa, kazi anaijua, ila vipuri halisi hana pa kuvitoa.

Kinachonitia uchungu zaidi ni kwamba kilichoifanya Vita iendelee kuwa na manufaa kilitoka kwa watu wasio wa Sony. Julai 2016 watundu wa programu walitoa HENkaku, programu ya kulifungua kufuli la Vita, na baadaye kikaja kiunganishi kiitwacho SD2Vita, kinachokaa katika tundu la kadi ya gemu na kukuwezesha kutumia kadi ndogo ya simu kama memori. Kijikipande kile cha plastiki, cha bei ya kawaida kabisa, kimelitatua tatizo ambalo kampuni nzima haikutaka kulitatua. Lakini ili ukitumie ni lazima uvunje kufuli la programu, na anayefanya hivyo anahesabiwa kuwa amekiuka masharti. Mtu aliyelipia mashine, akalipia memori na kulipia gemu, hastahili kuitwa mvunja masharti kwa kutaka tu nafasi ya kuzihifadhi gemu zake. Mimi siungi mkono wizi wa gemu, na humu sitaki mtu alete viungo vya kuzipakua bila malipo, kwa sababu wizi huo ndio utakaotumiwa kuwa kisingizio.

Mwaka 2023 Sony ikatoa PlayStation Portal kwa dola 199.99, kifaa cha mkononi kilichotoka kikiwa hakina gemu zake chenyewe, kikitegemea PlayStation 5 na intaneti nzuri. Kwa mtu anayepanda treni ya Miritini kwenda Nairobi, au anayekatikiwa na umeme usiku Kisauni, hicho hakiwezi kushika nafasi ya Vita hata kidogo.

Ninachokitaka kutoka kwa Sony si mashine mpya wala fidia. Toleo la 3.74 la programu endeshi lilitoka mwaka 2022, kwa hiyo uwezo wa kuigusa mashine hii bado wanao. Watoe toleo moja la mwisho litakaloitenganisha memori na akaunti, litakaloruhusu kadi za kawaida kupitia tundu la gemu, na litakaloziacha gemu tulizokwisha kuzinunua zifunguke bila kuuliza seva siku duka litakapofungwa kabisa. Na Kenya iingizwe katika orodha ya nchi. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyoinunua. Tarehe rasmi ya duka la Vita kufungwa ni taarifa ya namna hiyo, na Sony inapaswa kuitangaza mapema kwa muda wa kutosha, si kwa miezi mitano kama ilivyojaribu mwaka 2021.

Kila mwenye Vita Mombasa, Kilifi, Kwale au Lamu naomba aandike hapa chini aina ya mashine yake, toleo la programu, nchi aliyoiandika kwenye akaunti, na kama memori yake bado inasomeka. Nitayakusanya majibu yote katika barua moja kwa Sony, na barua nitaiweka humu kabla ya kuituma ili mwenye kusahihisha asahihishe. Wakati huo huo, nakilini data zenu kwenye kompyuta kwa Content Manager Assistant, programu ya Sony ya kazi hiyo, mkiwa bado mnaweza. Na anayemjua fundi wa pwani mwenye betri nzima za PCH-1000 ataje mtaa tu, asiweke namba ya simu ya mtu.