Tupeane uzoefu: mnyama wako aliwahi kupata degedege kwa sumu?

Mwana Pongwe
Wakuu, salaam. Juzi nilimpulizia ndama dawa ya kupe kwa bomba la mgongoni, nikapima kwa macho tu. Haikupita saa, mate yanamchuruzika, machozi, anaharisha, nyama zinarukaruka chini ya ngozi. Mara kaanguka, shingo kaipinda nyuma, miguu inakata hewa kama anaogelea. Mama mkwe akasema jini. Nani mwingine yamemkuta?

Bwana Mifugo Mstaafu
Jini gani! Kama dawa ni ya jamii ya oganofosfeti, inazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo neva hupelekeana ujumbe. Isipovunjwa, ujumbe haukatiki: tezi zinamwaga mate, misuli inatetemeka, na ubongoni seli zinalipuka kwa pamoja. Ndiyo degedege. Sisi tulichoma atropini, inakausha mate na makohozi mnyama apumue; degedege lenyewe haiwezi kulituliza vizuri, hapo ni diazepamu. Na aogeshwe kwa sabuni, maana iliyobaki kwenye manyoya inaendelea kuingia. Anayeogesha avae glavu, naye ana ngozi.

Bibi wa Ngamiani
Mie paka wangu. Mjukuu alimpaka dawa ya viroboto ya mbwa, yenye permethrini. Usiku masikio yanacheza, ndevu zinacheza, kisha mwili mzima. Nikamsomea hadi sauti ikakauka. Kumbe ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile kama la mbwa. Alipona siku ya tatu. Sasa akiona chupa yoyote, hata ya mafuta ya nazi, yuko juu ya kabati.

Kijana wa Makorora
Mbwa wetu alikula sumu ya panya ya wale wapita njia wenye spika, "kunguni, mende, panya!" Mlango ukibamizwa tu, anakakamaa upya. Nikamnywesha maziwa kwa nguvu. Daktari alinigombeza: mnyama mwenye degedege hamezi, anapaliwa. Akaniuliza sumu gani. Kipakiti hakina jina, hakina chochote, picha ya panya tu. Mbwa hakufika alfajiri. Hadi leo sijui alikula nini.

Mwana Pongwe
Pole, ndugu yangu. Ndama wangu kasimama, ingawa anayumba. Mzee, mamake nilimpulizia siku ileile. Maziwa niyamwage siku ngapi?

Bwana Mifugo Mstaafu
Imeandikwa kwenye lebo, bwana. Ileile uliyokataa kuisoma.