Boti ya fiba na moteri ya farasi 40, ao mtumbwi wa mbao na moteri ya farasi 15? (Ziwa Kivu, Bukavu–Goma)

Mwana_Nguba
Jambo ba ndugu. Nataka boti yangu mwenyewe, nimechoka kupanga mustari ku bandari. Niko na mbili mu macho: ya fiba, mita 6, Yamaha Enduro 40, okazyo (ilishatumika). Ingine mtumbwi wa mbao mupya, mita 9, moteri 15. Nataka kutoka Bukavu mpaka Goma pole pole, tunalala njiani, leo kisiwa cha Idjwi kesho Minova, sawa vile wazungu banafanya ku mito yao. Nichukue gani?

Papa Moteri
Pesa ngapi? Watu wangapi? Italala wapi? Nani ataendesha? Na unajua kuogelea?

Mwana_Nguba
Watu 6 ao 7, na watoto ndani. Pesa tutasikilizana na mwenye kuuza.

Kadutu_243
Mbao mbao mbao! Fiba ikipasuka nani ataishona? Mbao, fundi yeyote wa Idjwi anakupigilia ubao, anajaza pamba na lami, kisha kesho uko mu maji.

Papa Moteri
Kadutu, si wewe njo unauza huo mtumbwi? Ndugu, ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi, moteri haipumui vile inapumua Mombasa. Ile 40 toa kama asilimia 15, inabakia 34. Ile 15 inabakia 13, sasa weka watu 7, mizigo, na upepo wa kusini wa mwezi wa saba, utaangalia Idjwi mchana muzima na haikusogelei. Lakini Enduro inakunywa, ukiifungua yote ni lita 18 mpaka 20 za esanse (petroli) kwa saa. Na oili yake unachanganya wewe ndani ya esanse, mililita 400 kwa bidoni ya lita 20. Upime, usimwage kwa macho.

Mama Sambaza
Okazyo mimi ilinifundisha. Tulinunua moteri 25 na bwana yangu, mwenye kuuza akaiwasha ndani ya pipa, ikalia vizuri, tukalipa. Safari ya pili, tumetoka Kalehe tunaenda Idjwi, ikakohoa mara tatu ikanyamaza. Bwana akavuta kamba mpaka ngozi ya mkono ikatoka, upepo unatugeuza, mtoto anatoa maji na bakuli ya fufu, mie nikamimina esanse kidogo ndani ya chupa ya plastiki nikainua juu nikaona chini yake maji yamejitenga, vidole viwili, meupe kabisa. Bidoni tulinunua kando ya barabara. Jioni njo wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wakapita, ile mitumbwi mitatu imefungwa na miti, wanawasha taa zao, wakatuvuta mpaka ufukoni. Pesa wakakataa, wakaomba esanse. Nikawaambia iko na maji. Walicheka, walicheka!

Liège_Kivu
Niko Ubelgiji. Mwaka jana rafiki alinipandisha boti yake ku Mto Meuse, Liège mpaka Namur siku mbili, tukalala Huy. Kuna ekluzi nne, unaingia mule pamoja na meli za mizigo, mlango unafungwa, maji yanakupandisha kama lifti. Jioni unafunga kamba ku pontoni, iko umeme, maji, bafu, unalipa usiku mmoja kufuatana na urefu wa boti. Mwana Nguba, hiyo njo ulikuwa unawaza, lakini huko kwetu utaifunga wapi?

Kadutu_243
Marina yetu ni jiwe, kamba na mzee wa zamu. Asubuhi unakuta boti iko, bidoni haiko.

Buhimba_Boy
Hoteli zenye ngazi mpaka majini ziko, unaongea na meneja mbele, unakula kwao, mlinzi wao anakuchungia. Karibu na Goma kuna Tchegera, ile mdomo ya volkano imejipinda kama mwezi mchanga, ndani maji imetulia kabisa, lakini ni ya parke, uliza mbele. Nakuomba tu huku Goma usilaze watoto mu shimo la ufukoni eti upepo haufike. Mazuku! Ile gazi ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inajaza shimo usiku. Asubuhi unakuta mbuzi amelala na jani mu mdomo.

Kijana wa Uvira
Na mukifika Bukavu si mushuke na Ruzizi mpaka kwetu? Ni mto pia.

Papa Moteri
Toka Kivu mpaka Tanganyika mto unashuka karibu mita 700, na baraji za umeme zimekaa katikati. Boti ya Kadutu itafika Uvira, lakini itakuwa kuni.

Kadutu_243
Mzee!!

Mama Sambaza
Munacheka, mumesahau Kituku, bandari ya Goma, mwezi wa kumi 2024? Ile boti ya kutoka Minova ilizama watu wa gati wanaiangalia. Jile ya kuelea kwa kila mtu, na ya watoto iwe ya watoto. Na usitembee usiku.

Mwana_Nguba
Asanteni. Fiba inanivuta. Ila bibi anasema afazali tununue kwanza jenereta.

Liège_Kivu
Jenereta ya kilowati ngapi? Chunga hizi za petroli ndogo...

Papa Moteri
Nimeuliza tangu asubuhi. Unajua kuogelea?

Mwana_Nguba
Najua kidogo, papa. Pale naona chini.