Naomba ushauri: historia ya kanisa letu tuanze kuhesabu wapi?
Wapendwa habari za Jumapili, mi niko Kigoma mjini huku Mwanga, kanisa letu ni la Kipresbiteri na nimepewa kazi ya kuandika tulivyoanza ili watoto wetu wasije wakakosa pa kusoma. Shida ni mwaka wa kuanzia. Kuna wanaosema tuhesabu tangu ile ibada ya kwanza sebuleni kwa mama mmoja, wengine wanakataa kabisa, wanasema Kipresbiteri bila wazee wa kanisa waliochaguliwa na waumini wakawekewa mikono basi bado ni kikundi cha maombi tu. Naona wote wana hoja, hata kwa wenzetu Kenya misheni ya Waskoti ilianzia Kibwezi 1891 ndo ikahamia Kikuyu 1898 na zote zinatajwa. Nilichonacho ni daftari la sadaka, mchwa wameshakula pembeni, ndani kuna hela ya turubai, mafuta ya taa, na sehemu wameandika "dagaa kilo mbili" kwa aliyekosa pesa, jamani imenigusa sana. Na wale waanzilishi wanaondoka mmoja mmoja. Sasa niwarekodi kwanza kwa simu au nimalize daftari? Na hilo daftari nalihifadhije, kupiga picha kunatosha? Aliyewahi kufanya kazi kama hii anisaidie tafadhali.