Lettow-Vorbeck "hakushindwa"? Na wale askari 1,168 na wapagazi 3,500 walikuwa mapambo?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Juzi nimekaa saa nzima natazama kipindi cha Vita Kuu ya Kwanza hapa kwetu, enzi za Mjerumani. Saa nzima ni Jenerali von Lettow-Vorbeck tu, mkuu wa jeshi la Mjerumani huku. Lettow kashinda Tanga, Lettow kavuka Ruvuma, Lettow kawachezea akili Waingereza, Lettow "hakushindwa", mtu mmoja kaisumbua himaya nzima. Waafrika wako nyuma yake kwenye picha, wamejitwisha mizigo, hakuna hata mmoja mwenye jina. Mtangazaji anawaita "askari wake watiifu". Watiifu! Utadhani anasifia mbwa wa kuwinda.

Haya, twende kwenye hesabu ya siku aliyosalimu amri, tarehe 25 Novemba 1918, pale Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Wajerumani walikuwa 155, na kati yao maafisa ni 30 tu. Askari Waafrika 1,168. Wapagazi kama 3,500. Yaani kila Mzungu mmoja na Waafrika 30. Halafu mtu mzima anakwambia bila aibu kwamba "mtu mmoja" alisumbua himaya ya Uingereza miaka minne!

Na hao wapagazi ndio hasa wanaoniuma, maana askari angalau anapigwa picha na bunduki yake. Jiulize jeshi lilisafirije kutoka Tanga hadi Msumbiji, likarudi, likaingia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Farasi na nyumbu walikuwa wanakufa kwa mbung'o, reli haifiki huko, barabara hakuna. Lililobaki ni kichwa cha mtu. Risasi kichwani, unga kichwani, mpaka sanduku la bwana mkubwa kichwani, na mwenye kubeba unga naye anataka kula, kwa hiyo safari ikiwa ndefu anaumaliza mzigo wake mwenyewe njiani. Meli ya kivita Königsberg ilipozamishwa Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 ilitolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Unafikiri ilitembea yenyewe? Watu walifungwa kamba wakaikokota. Hilo kwenye kipindi limepita kwa sentensi moja: "mizinga ikahamishwa". Ikahamishwa na nani?

Unga wenyewe ulitoka wapi? Vijijini, kwa nguvu, pande zote mbili. Waulizeni wazee wa Ugogo maana ya Mtunya. Chakula na ng'ombe walichukuliwa, vijana wakaswagwa kwenda kubeba mizigo, mvua nayo ikagoma, watu wakafa njaa. Huyo wa "hakushindwa" alikuwa anakula jasho la nani?

Machi 1919 Lettow akapita lango kuu la Brandenburger Tor, Berlin, juu ya farasi, na maafisa wake wapatao 120, umati unashangilia. Askari wake walikuwa wameachwa Tabora mikononi mwa Waingereza, mishahara yao wanaidai. Mwaka huo huo hadi dinosaria aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, akapewa jina la Lettow. Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa na watu wa Kusini wakaibeba kichwani hadi pwani, jina likaenda kwa jenerali. Nilipolijua hili nilicheka, kisha nikanuna siku nzima.

(Na kabla ya kuja huku, huyu bwana alikuwa Namibia chini ya Jenerali von Trotha, 1904, Waherero walipofukuziwa jangwani wakafe. Kipindi hakikugusa hapo.)

Wapenzi wa Mwingereza nanyi msichekelee. Keya (askari Waafrika wa Mwingereza, King's African Rifles) walipigana, na wapagazi wa upande huo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, siyo kwa risasi. Jina Kariakoo linatoka kwao, Carrier Corps. Tunapita pale kila siku kununua vitenge. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikakiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Imechukua miaka mia kukiri. Sanamu ya Askari pale Samora ipo tangu 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi. Sawa, asante. Lakini aliyesimama juu ni askari, na hata yeye hana jina.

Najua atatokea mtu kusema nyaraka hazipo. Mbona idadi ya wapagazi waliosalimu amri inajulikana? Waliohesabiwa wangeweza pia kuulizwa majina. Tena sisi wenyewe tunahadithiana "yule Mjerumani hatari" vijiweni, huku babu wa mtu alikufa na mzinga begani karibu na Mahiwa.

Kwa hiyo sitaki ubishi wa mbinu za kivita kwenye uzi huu. Mwenye babu au babu mzaa babu aliyekuwa askari wa Mjerumani, keya, au mpagazi, aandike jina lake alilolisikia kwa wazee, kijiji alichotoka, na kama alirudi.

Ubishi wa Lettow fungueni uzi wenu.