Uliyefunga kamera za nyumbani kwa mikono yako, njoo tupeane uzoefu

Ngazi Ndefu
Wakuu, nimeshuka kwenye ngazi sasa hivi, vumbi la ukuta bado liko kichwani, na sitaki kulala kabla sijaandika haya.

Kamera yangu ya getini mchana haina tatizo, hadi namba ya gari inasomeka. Jua likizama tu, inalia "tik", picha inakuwa nyeusi. Baada ya nusu dakika inarudi, "tik", nyeusi tena. Hivyo hadi alfajiri. Nilinunua kamera nyingine nikaifunga palepale, nayo ikaanza tabia ileile. Nikabadilisha adapta. Nikahamisha tundu kwenye rekoda. Siku sita napanda na kushuka.

Kosa langu ni kwamba kila nilipopima umeme nilipimia kwenye adapta, naona volti 12, naridhika. Leo nikapanda na mita hadi juu, nikapima kwenye ncha ya waya, kamera ikiwa inafanya kazi. Volti 10.8. Nikaziba jicho la kamera kwa kiganja ili idhani giza limeingia. Taa zake za infraredi, zile za kuonea gizani, zikawaka, mita ikaporomoka hadi 9, kamera ikazima mbele ya macho yangu. Ikizima, taa nazo zinazima, volti zinapanda, inawaka upya, inawasha taa, inazima. Tik-tik yote ile ilikuwa hiyo.

Nilikuwa nimepitisha umeme kwenye jozi moja ya waya wa mtandao, mita 35. Mwembamba mno. Nimeunganisha jozi zote nne pamoja, usiku huu nasoma 11.2 na kamera imetulia. Leteni na ya kwenu.

Kifundo
Tik-tik hiyo naijua. Nililala nayo mwezi mzima.

Fundi Kimya
Hongera mkuu, umepima mahali ambapo wengi hawapandi kupima. Kwa wengine: ukiwa na umbali huo, ama sogeza adapta karibu na kamera, ama tumia kamera za PoE. Zile zinapelekewa umeme wa volti karibu 48 kwenye waya uleule wa mtandao, kwa hiyo upotevu wa njiani hauzihangaishi, na unafika mita 100. Ila waya uwe wa shaba kweli. Kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba kwa juu, ukizikwangua kwa kisu ndani ni nyeupe. Hizo zimenitesa kwenye nyumba nyingi.

Nondo
Mimi haya ndiyo yaliyonifanya nihamie waifai. Hakuna waya, hakuna kutoboa ukuta.

Fundi Kimya
Hakuna waya wa picha. Wa umeme upo palepale.

Nondo
Zangu ni za betri.

Fundi Kimya
Za betri muda mwingi zimelala, mkuu. Kinachoziamsha ni kihisi cha joto, na kihisi hicho kinamwona haraka mtu anayekatiza kwa upande kuliko anayekuja moja kwa moja. Inapoamka na kuanza kurekodi, mtu ameshageuka, unabaki na picha ya mgongo.

Nondo
Ndiyo maana nimeifunga pembeni mwa njia, haitazami mlango uso kwa uso. Kila anayeingia lazima aikatize. Miezi minane sasa na nyuso ninazo. Wewe unazungumzia mtu aliyefunga vibaya, huzungumzii kamera.

Fundi Kimya
Kwenye hilo la pembeni tuko pamoja. Lakini nyumba ya familia siwezi kuiachia kitu kinachosubiri kuamshwa.

Tumaini
Mnabishana kuhusu waifai wakati mimi yangu ilikataa hata kuunganishwa. Saa mbili nzima nimekaa chini ya meza, naingiza neno la siri, kamera inaongea "imeshindikana". Nikafikiri nakosea herufi. Mwisho mtoto wa dada yangu akaniuliza, "Mamdogo, simu yako iko kwenye mtandao gani?" Kumbe simu ilikuwa imeshika ule wa 5 GHz, na kamera inaelewa wa 2.4 tu. Nikahamisha simu, dakika moja ikakubali. Kama ruta yako inatoa yote miwili kwa jina moja, ipe majina tofauti kwanza, uokoe mgongo wako.

Jirani Mwema
Mimi usiku picha ni ukungu mweupe mtupu. Nimefuta kioo, bado.

Kifundo
Umeifunga chini kabisa ya ukingo wa paa? Mwanga wa infraredi unagonga ubao na kurudi machoni mwa kamera. Ishushe kidogo au isogeze mbele. Na angalia utando wa buibui.

Jirani Mwema
Ukingo wa paa, ndiyo, imebanana nao. Nitajaribu kesho.

Baba Wawili
Mtu asisahau diski. Nilikuwa na kamera nne na diski ya terabaiti 1, nikasafiri siku kumi. Narudi, dirisha la stoo limevunjwa. Nafungua rekoda kwa moyo wa kujiamini, siku ya kwanza kabisa iliyobaki ni ya siku tano nyuma, na vumbi la dirishani linaonyesha kioo kimevunjika zamani zaidi. Imejifuta. Nikakaa nikapiga hesabu ambayo ningeipiga siku ya kufunga: kamera moja kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 kwa siku. Nne ni 173. Terabaiti moja haimalizi siku ya sita. Nimeweka H.265, mfumo unaobana video ili ichukue nafasi ndogo, na diski ya terabaiti 4. Sasa, wezi wale sijawahi kuwaona, ila hesabu naijua kwa kichwa.

Nondo
Ungeweka irekodi panapokuwa na mwendo tu, diski ingetosha mwezi.

Baba Wawili
Na ikikosa kuuona mwendo wenyewe?

Mama Pacha
Nimesoma yote hadi hapa na mikono inatetemeka. Hili sijawahi kulisimulia nje ya nyumba yangu.

Fedha zilikuwa zinapotea kwenye droo ya sebuleni. Kidogo kidogo, kisha siku moja nyingi. Nikanunua rekoda na kamera mbili, nikafunga mwenyewe siku ambayo hakuna mtu nyumbani, moja nikaielekeza kwenye ile droo. Nyuma ya droo kuna dirisha. Sikujua kwamba kamera ikitazama dirisha, mtu aliyesimama katikati anageuka kivuli.

Wiki ya pili fedha zikapotea tena. Nikarudisha picha. Nikaona mtu ameingia, ameinama, amefungua droo. Uso haupo, ni weusi mtupu, na mwanga mkali unaingia kwa mlalo nyuma yake. Nikaangalia saa iliyoandikwa pembeni ya picha: 14:40. Saa nane na dakika arobaini mchana. Saa hiyo nyumbani kwangu alikuwepo mtu mmoja tu, msichana aliyekuwa ananisaidia kazi na kunilelea pacha wangu tangu hawajaanza kukaa.

Nilimwita nikamwonyesha. Akaniambia, "Dada, huyo si mimi." Nikamwambia saa haidanganyi. Aliondoka jioni ileile na begi lake, pacha wanalia mlangoni.

Baada ya kama wiki tatu nilikuwa sebuleni nakunja nguo. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, likaingia kwa lile dirisha, likachora mstari ukutani juu ya droo. Nikasimama na nguo mkononi. Ule mstari nilikuwa nimeuona. Nikarudisha ile picha: mstari uleule, mahali palepale. Nikatazama saa ya ukutani, ni kumi na moja na dakika arobaini jioni. Dirisha lile linatazama machweo. Saa nane mchana jua bado liko juu, haliwezi kuingia kwa mlalo vile.

Nikaenda kwenye rekoda. Saa yake ilikuwa nyuma kwa saa tatu kamili. Ilikuja hivyo kutoka kwenye boksi na mimi sikuigusa, niliona dakika zinalingana na simu yangu nikapita.

Saa kumi na moja na dakika arobaini msichana huwa nje anawaogesha watoto. Anayekuwa sebuleni saa hiyo, ametoka kazini, ni mdogo wangu wa kiume. Nilipomuuliza hakukataa.

Tumaini
Mama Pacha, nimesimama.

Kipande cha Mwezi
Samahani, lakini umemfukuza mtu kwa kivuli? Hukuona uso. Msichana wa watu alisema si yeye, aliyekulelea watoto. Hilo si tatizo la saa ya rekoda.

Baba Wawili
Punguza ukali. Amekuja kusema mwenyewe.

Kipande cha Mwezi
Sijatukana mtu. Nasema yule msichana hayupo hapa kujitetea, wacha mmoja wetu aseme kwa niaba yake.

Ngazi Ndefu
Mimi hapa nakubaliana na Kipande cha Mwezi, na bado namshukuru Mama Pacha. Yote mawili.

Nondo
Na huyo mdogo wako yuko wapi? Mimi ningempeleka polisi na picha mkononi.

Kifundo
Picha gani? Ya kivuli chenye saa isiyo sahihi? Hiyo haimfungi mtu yeyote, na hilo ndilo limenishtua. Kama haitoshi kumtia hatiani mkosaji, ilitoshaje kumfukuza asiye na kosa?

Fundi Kimya
Naomba niingie kwa upande wangu, maana nimefungia watu mamia ya kamera na hili la saa huwa nalimaliza kwa sekunde kumi. Rekoda nyingi zinakuja na saa ya kiwandani. Weka ukanda wa saa kwanza, halafu washa ile sehemu ya NTP ichukue saa kutoka intaneti. Kama rekoda haina intaneti, ndani yake kuna betri ndogo ya duara, ikichoka, umeme ukikatika saa inarudi mwaka wa zamani kabisa. Na kamera inayotazama dirisha igeuzwe. Kuna kipengele cha WDR kinachosawazisha mwanga na giza, kinasaidia, lakini kugeuza kamera kunasaidia zaidi. Kuanzia leo nikimaliza kufunga nitamsimamisha mwenye nyumba mbele ya kila kamera, tuirudishe picha pamoja, uso wake na saa. Sikuwa nafanya hivyo.

Mwanaisimu wa Nyaya
Tukiwa kwenye mipangilio: badilisheni na neno la siri la kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na rekoda nyingi mno kwa kujaribu maneno ya siri yaliyotoka nayo kiwandani, na Oktoba mwaka huo zikatumika kuangusha huduma za Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, tovuti kubwa zikapotea kwa saa kadhaa. Yangu ya sebuleni iligeuka shingo yenyewe usiku, hakuna aliyeigusa. Neno la siri lilikuwa lilelile la barua pepe yangu ya zamani. Niliichomoa ukutani nikiwa natetemeka.

Nondo
Ndiyo maana ndani ya nyumba siweki kabisa. Nje tu.

Jirani Mwema
Na nje muwe na staha. Mimi niliweka moja ikawa inachungulia dirisha la chumba cha jirani bila mimi kujua. Alikuja mama mtu mzima, akabisha hodi, akaniomba kwa upole niigeuze. Niliona haya. Rekoda inaruhusu kuziba sehemu ya picha kwa rangi nyeusi, nilifanya hivyo na nikaigeuza pia, kisha nikamwita aje aone mwenyewe kwenye skrini.

Baba Wawili
Rekoda mnaweka wapi? Ya shemeji yangu wezi waliondoka nayo, ilikuwa chini ya televisheni.

Kifundo
Darini.

Fundi Kimya
Darini joto litaua diski. Kabati lenye kufuli na matundu ya hewa.

Tumaini
Mama Pacha, ulimtafuta?

Mama Pacha
Kipande cha Mwezi hajakosea, sijakasirika.

Nilimtafuta. Nilikwenda na pacha. Watoto walimkimbilia, akawabeba wote wawili kwa pamoja kama alivyozoea. Nikamweleza yote, saa, dirisha, mdogo wangu. Alisikiliza amesimama mlangoni. Nilikuwa nimemletea mshahara wake wa mwezi ule ambao sikumlipa, na wa miezi miwili zaidi. Alihesabu, akachukua wa mwezi ule, uliobaki akanirudishia. Akasema, "Nimekusikia, dada." Nikamwomba arudi. Akasema hapana, akawavua watoto mikono shingoni mwake, taratibu, mmoja mmoja.

Mdogo wangu nilimtaka ahame. Mama hajui sababu, ananiona mimi ndiye mkatili.

Kipande cha Mwezi
Asante kwa kumfuata. Mwambie mama yako. Msichana yule jina lake bado ni chafu kwa wote waliosikia ameiba.

Baba Wawili
Mama wa watu ana umri, mambo mengine yaachwe yapoe.

Kipande cha Mwezi
Yapoe kwa nani?

Mama Pacha
Nitamwambia. Jumapili.

Ngazi Ndefu
Nimetoka kuangalia rekoda yangu. Iko mbele kwa siku moja nzima. Miezi miwili imekuwa ikirekodi siku ambayo haijafika, na mimi nilikuwa nahangaika na tik-tik.

Jirani Mwema
Kifundo, nimeishusha kiganja kimoja chini ya ukingo wa paa. Ukungu umeondoka, naona hadi majani. Ila sasa kuna duara jeupe linapita na kurudi mbele ya kioo.

Kifundo
Buibui. Panda na ufagio.