Mjadala: Tukipata fungu moja la utafiti, liende kwenye jeni za kuotesha neva au kwa waliokwisha kupooza?

Unyanyembe (Tabora): Wakuu, tuseme chuo kimepata fungu moja tu. Mimi nasema lijenge maabara ya jeni zinazozuia nyuzi za neva kuota upya kwenye ubongo na uti wa mgongo. Toka 2008 inajulikana: panya akifutiwa jeni ya PTEN kwenye seli za retina (utando wa nyuma ya jicho), neva ya jicho ikibanwa nyuzi zinaota na kupita jeraha. 2011 wakafuta PTEN na jeni nyingine ya kuzuia, SOCS3, kwa pamoja, zikaenda mbali zaidi. Breki tumeshaijua. Na Kigoma ndio mngenufaika kwanza, maana huko mtu akianguka mchikichi anapakiwa mshikaki, watu watatu kwenye bodaboda moja.

Mgebuka (Kigoma): Mshikaki umeuleta wa nini? Tabora mnapanda miti usiku kurina asali, hamuanguki? Gari la wagonjwa halifiki kila kitongoji, ndugu. Anayempakia anamwokoa mtu. Omba radhi kwanza, jeni tutaongea baadaye.

BintiUjiji: Kaka Mgebuka, nia njema haiungi mfupa. Pingili ya mgongo iliyovunjika ikipinda inaubana ugwe wa mgongo, ule mshipa wa neva uliomo ndani, na aliyekuwa anachezesha vidole anafika hospitali miguu imekufa ganzi. Kumweka kwenye ubao wanatakiwa watu watano. Mmoja kichwani, anakishika kwa mikono miwili kiwe sawa na kiwiliwili, na yeye ndiye anayehesabu. Watatu upande mmoja: begani, kiunoni, magotini. Wanamgeuza mara moja kwa pamoja, wa tano anasukuma mlango au ubao chini ya mgongo. Fungeni kifua, nyonga na mapaja kwanza. Paji la uso mwisho, na vitenge vilivyokunjwa vigumu huku na huku ya kichwa. Mkianza na kichwa, mwili ukiteleza shingo ndiyo inayovutika. Mto hapana.

MrinaAsali: Dada, mlango porini tunautoa wapi?

BintiUjiji: Miti miwili mirefu, halafu fito za kukingama zilizobanana, zifungwe kwa kamba za magome. Machela ya magunia matupu inalegea katikati, mgongo unapinda vilevile.

Gombe77: Naomba kurudi kwenye hoja. Unyanyembe, hiyo breki ina kazi nyingine. PTEN inazuia njia ya mTOR, ile inayoiamuru seli itengeneze protini na ikue. Ikiharibika ndipo tunapoikuta kwenye saratani ya tezi dume, ya mji wa mimba, ya ubongo. Halafu soma vizuri jaribio lako la 2008: virusi vya kufuta jeni vilidungwa jichoni wiki mbili kabla ya neva kubanwa. Nani atadungwa kabla hajapanda mchikichi?

Unyanyembe: Usinifanye mtoto. 2015 PTEN ilifutwa mwaka mzima baada ya panya kuumizwa uti wa mgongo, na nyuzi zikaota. Mwaka mzima!

Gombe77: Zimeota, sawa. Zinafika wapi? Shingoni hadi kiunoni kwa mtu mzima ni kama sentimita 40. Hata neva ya mkono, inayoota yenyewe, inakwenda kama milimita 1 kwa siku. Hesabu: zaidi ya mwaka. Na zikifika hazijamaliza safari. 2016 ilionekana kwa panya kwamba nyuzi za jicho zilizoota zilifika ubongoni zikaunganika, lakini hazikuwa na ala ya mielini, ile ganda la mafuta linalofanya umeme wa neva upite haraka, umeme ukafia njiani mpaka walipoongeza dawa ya kuziba milango ya potasiamu (vitundu vya neva vinavyopitisha potasiamu). Kingamwili dhidi ya Nogo-A, protini nyingine inayozuia neva kuota, nayo imeshajaribiwa kwa watu Ulaya, sindano sita kwenye maji ya uti wa mgongo. Matokeo ya 2024: kwa kundi zima, mikono haikupata nguvu kuzidi waliopewa dawa bandia.

Unyanyembe: Kwa hiyo tukae tungoje Ulaya?

BintiUjiji: Mgonjwa wa leo hauawi na PTEN. Anakufa kwa kidonda cha makalio na mkojo uliorudi kwenye figo. Ageuzwe kila saa mbili, usiku pia, na visigino visiguse godoro. Mpira wa mkojo upitishwe kila saa nne hadi sita, kibofu kisizidi mililita 500. Aliyeumia juu ya katikati ya kifua akianza kuumwa kichwa ghafla na kutoka jasho, mkalisheni mara moja, kisha angalieni kibofu: mara nyingi kimejaa, au mpira ulioachwa ndani umejikunja au umeziba, na presha inapanda mpaka kuua. Fungu hilo linunue mipira na lisomeshe wauguzi.

MrinaAsali: Na bodaboda wafundishwe huo mgeuzo wa watu watano, vijiweni kwao.

Mgebuka: Hapo nakubali. Wa Kigoma na wa Tabora, wote. Unyanyembe, radhi yangu bado naisubiri.

Unyanyembe: Radhi ya nini? Dada mwenyewe kasema mshikaki ni hatari. Gombe77, hiyo dawa ya potasiamu, panya waliona kweli au waliguswa tu na mwanga?